Kompyuta Inapoganda Baada ya Kuwekewa Mfumo Endeshi Mpya: Mambo ya Kufanya na Haki za Mlaji

Tuchukue mfano wa mwalimu wa sekondari wilayani Kisarawe. Kompyuta yake ya mpakato aliinunua Kariakoo ikiwa imetumika, na kwa miaka mitatu imemfaa bila usumbufu. Amesikia kwamba mfumo endeshi alionao umepitwa na wakati, akaipeleka kwa fundi, akalipa, akarudishiwa jioni ileile ikiwa na sura mpya ya kupendeza. Siku ya pili, akiwa katikati ya kujaza alama za mitihani ya kufunga muhula, kioo kikasimama. Kipanya hakisogei, saa iliyo pembeni ya kioo haibadiliki, na kitufe anachobonyeza hakileti jibu. Akaizima, akaiwasha, baada ya nusu saa ikaganda tena. Fundi anamwambia kompyuta yake ni mbovu. Muuzaji anamwambia bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Alama za wanafunzi wa madarasa manne zimo ndani ya mashine hiyo, na mkuu wa shule anazihitaji Ijumaa.

Mfano wa pili ni wa mwenye duka la steshenari karibu na stendi ya Maili Moja, Kibaha. Kompyuta yake moja ndiyo inayochapa barua, kujaza fomu za maombi ya mikopo na ajira, na kutoa nakala. Ikiganda mara tano kwa siku, wateja huvuka barabara kwenda kwa jirani. Kwake yeye, tatizo hili ni pato la siku.

Tumeandika makala haya kwa ajili ya walaji wa namna hiyo. Tunaeleza kwa nini kompyuta huganda baada ya kubadilishiwa mfumo endeshi, hatua ambazo mtu asiye fundi anaweza kuzichukua mwenyewe, mambo ya kukubaliana na fundi kabla ya kazi, na haki alizonazo mlaji endapo bidhaa au huduma haikuwa kama alivyoahidiwa.

Mfumo endeshi, na sababu ya watu wengi kuubadilisha sasa

Mfumo endeshi ni programu mama ya kompyuta. Ndio unaogawa kazi kwa kichakataji, kupanga nafasi katika kumbukumbu, kusoma na kuandika katika diski, na kuwezesha programu nyingine kuzungumza na kioo, kibodi, printa na mtandao. Programu ya kawaida ikikwama, inaweza kufungwa peke yake, lakini mfumo endeshi ukikwama, kompyuta nzima husimama.

Mfumo unaotumika zaidi katika ofisi na maduka yetu ni Windows ya kampuni ya Microsoft. Windows 10 ilitoka tarehe 29 Julai 2015, na tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha msaada wake wa kawaida, yakiwamo masasisho ya bure ya usalama. Ni vyema ieleweke kwamba siku hiyo haikuzima kompyuta ya mtu yeyote. Kompyuta yenye Windows 10 inaendelea kuwaka na kufanya kazi, ila bila masasisho, mianya mipya ya usalama inayogunduliwa haizibwi. Mlaji anayeambiwa kwamba asipobadilisha leo kompyuta yake itakufa kesho, anaambiwa jambo lisilo la kweli.

Mrithi wake, Windows 11, ilitoka tarehe 5 Oktoba 2021, nayo ina masharti magumu zaidi. Inahitaji kumbukumbu ya RAM isiyopungua GB 4, nafasi ya diski isiyopungua GB 64, kichakataji kilichomo katika orodha iliyoidhinishwa, na sehemu ya usalama inayoandikwa TPM 2.0. Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa sababu kompyuta nyingi zilizotumika zinazouzwa nchini zilitengenezwa kabla ya masharti hayo kuwekwa.

Ipo njia rahisi ya kukagua kichakataji cha Intel. Tazama namba yake katika sehemu ya mipangilio inayoeleza kuhusu kompyuta. Ukiona i5-4300U, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 4, maana yake ni kizazi cha nne. Ukiona i5-8250U, ni kizazi cha nane. Ukiona i5-10210U, ni kizazi cha kumi. Kwa vichakataji vya Intel, ukiacha vichache, Windows 11 inakubali kuanzia kizazi cha nane. Aidha, Microsoft hutoa bure programu ya kukagua iitwayo PC Health Check, ambayo hueleza kama kompyuta inakidhi masharti au la, na ni sharti gani lililokosekana.

Wapo mafundi wanaojua kuruka ukaguzi huo na kuiweka Windows 11 katika kompyuta isiyokidhi. Jambo hilo linawezekana, na mara nyingine mashine hufanya kazi. Hata hivyo, Microsoft yenyewe imeeleza kwamba kompyuta ya namna hiyo haina uhakika wa kupata masasisho, na kwamba matatizo ya kutopatana yanaweza kutokea. Mlaji anastahili kuambiwa hivyo kabla ya kulipa.

Kuganda na kuelemewa

Kabla ya kutafuta dawa, ni muhimu kutambua ugonjwa. Yapo mambo mawili ambayo watu huyaita kwa jina moja.

La kwanza ni kuelemewa. Kompyuta inafanya kazi, ila polepole mno. Kipanya kinasogea kwa kusitasita, taa ya diski inawaka bila kukoma, na ukisubiri dakika kadhaa mambo hurejea. Katika siku ya kwanza au ya pili baada ya kuweka mfumo mpya, hali hii ni ya kawaida. Mfumo unapakua masasisho, unatafuta draiva, unakagua virusi na kutengeneza faharasa ya mafaili yote.

La pili ni kuganda kwenyewe. Hakuna kinachojibu, hata ukisubiri. Kipimo rahisi ni kitufe cha Caps Lock kwa kibodi yenye taa ya kitufe hicho. Kibonyeze mara kadhaa. Taa ikiwaka na kuzima, mfumo bado unasikia na huenda umeelemewa tu au kioo ndicho kilichokwama. Taa isipobadilika kabisa kwa dakika kadhaa, yaelekea mfumo umesimama.

Tofauti hii ina maana kubwa kwa mfuko wako. Kompyuta iliyoelemewa mara nyingi huhitaji muda, au kuongezewa RAM na diski yenye kasi. Kompyuta inayoganda kabisa huenda ina draiva isiyofaa, diski inayokufa, joto kali au kifaa kibovu. Kumlipa fundi aweke mfumo upya kwa mara ya pili na ya tatu bila kujua lipi kati ya haya ndilo tatizo ni kumwaga maji katika gunia.

Sababu zinazojirudia

Ya kwanza ni RAM ndogo. GB 4 ndicho kiwango cha chini cha Windows 11, na kiwango cha chini hutosha kuwasha tu. Ukifungua kivinjari chenye kurasa kadhaa pamoja na programu ya kuandikia, nafasi hujaa, na mfumo huanza kutumia diski badala ya RAM. Diski ikiwa ya zamani, kompyuta husimama kila inapobadilisha kazi. Kwa matumizi ya ofisi, GB 8 ni kiwango kinachovumilika.

Ya pili ni diski ya zamani au inayokaribia kufa. Diski za HDD zina sahani inayozunguka na mkono unaosoma, na huchakaa. Kuweka mfumo mpya huandika data nyingi kwa mkupuo, hivyo udhaifu uliokuwa umejificha hujitokeza siku hiyo. Dalili zake ni mlio wa kugongagonga, mafaili yasiyofunguka, na kompyuta kuchukua muda mrefu sana kuwaka. Hapo mlaji hudhani mfumo mpya ndio ulioharibu diski, kumbe umeifichua tu.

Ya tatu ni draiva zisizolingana. Draiva ni programu ndogo inayouwezesha mfumo kuongea na kifaa fulani, kama vile kadi ya picha, sauti au Wi-Fi. Fundi akitumia mkusanyiko mmoja wa draiva kwa kompyuta za kila aina, kifaa kinaweza kupata draiva ya mfumo wa zamani au ya modeli nyingine. Draiva ya kadi ya picha ni mshukiwa wa kwanza pale kompyuta inapoganda wakati wa kutazama video.

Ya nne ni joto na vumbi. Hali ya hewa ya Pwani ni ya joto na unyevu, na barabara nyingi za mitaa ni za vumbi. Feni ikiziba, kichakataji hupata joto, hujipunguzia kasi, na mwishowe kompyuta huzima au kuganda. Mfumo mpya wenye kazi nyingi za nyuma ya pazia huongeza joto hilo. Kompyuta inayotumiwa juu ya godoro au kitambaa huzibwa matundu ya hewa na kuzidi kuumia.

Ya tano ni umeme. Umeme ukikatika wakati mfumo unasakinishwa au unasasishwa, mafaili yake huandikwa nusu. Hali kadhalika, chaja isiyo halisi inayotoa umeme usiotosha inaweza kuifanya kompyuta iyumbe inapofanya kazi nzito.

Ya sita ni nakala isiyo halali. Nakala za mfumo zilizochezewa, pamoja na vifaa vya kuvunjia leseni, mara nyingi huja na programu zilizofichwa. Nyingine huiba nywila, nyingine hutumia nguvu ya kompyuta yako kwa kazi za mtu mwingine bila wewe kujua. Ili vifanye kazi, vifaa hivyo huhitaji kuzimiwa kinga ya virusi, na ikishazimwa wengi husahau kuiwasha. Kwa mtu anayefanyia kompyuta hiyo miamala ya benki, hatari ni kubwa kuliko kuganda.

Ya saba ni programu mbili za kuzuia virusi zinazofanya kazi kwa wakati mmoja. Windows 10 na 11 tayari zina kinga yao. Kuongeza nyingine mbili juu yake ni kuwaweka walinzi watatu katika lango moja, kila mmoja akimkagua mwenzake.

Hatua za kuchukua, kwa mpangilio

Tunashauri hatua zifuatwe kwa utaratibu huu, na usiruke ya kwanza.

1. Okoa kazi zako. Kompyuta ikiwaka hata kwa dakika ishirini, zitumie kunakili mafaili muhimu katika flashi au diski ya nje. Usianze kurekebisha chochote kabla ya hapo. Mfumo unaweza kuwekwa tena mara mia, lakini alama za wanafunzi, picha za harusi na vitabu vya mauzo havina duka vinapouzwa. Kama diski inagonga, nakili yaliyo muhimu zaidi kwanza, kisha izime.

2. Ipe muda. Kama ndiyo siku ya kwanza, iunganishe na chaja na mtandao, iache ikiwa imewashwa kwa saa kadhaa, kisha iwashe upya. Anayetumia kifurushi cha simu atahadhari, kwani masasisho yanaweza kufikia GB kadhaa na kumaliza kifurushi njiani. Katika mipangilio ya mtandao wa Wi-Fi ipo sehemu ya kuutambulisha mtandao huo kuwa ni wa kulipia kwa kipimo, yaani "Metered connection". Ukiiwasha, masasisho mengi hayatapakuliwa yenyewe. Kisha tafuta mtandao usio na ukomo na ukamilishe kazi hiyo.

3. Ikiganda, jaribu kuiamsha kwa upole. Bonyeza kwa pamoja Ctrl, Shift na Esc ili kufungua Task Manager, utazame ni programu gani inayomeza kichakataji, RAM au diski, na uifunge. Kioo kikiwa kimekwama peke yake, bonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na B. Kioo kitapepesa na draiva ya picha itaanza upya. Ikishindikana, shikilia kitufe cha kuwashia kwa takribani sekunde kumi mpaka izime. Njia hii ya mwisho isiwe mazoea, kwa kuwa inaweza kuharibu mafaili yaliyo wazi.

4. Chomoa vifaa vya nje. Ondoa printa, flashi, modemu na kipanya cha nje, kisha itumie hivyo kwa siku moja. Ikitulia, rudisha kifaa kimoja kimoja mpaka umtambue mkorofi.

5. Iwashe katika hali salama. Shikilia kitufe cha Shift huku ukichagua "Restart". Katika ukurasa utakaotokea chagua "Troubleshoot", kisha "Advanced options", kisha "Startup Settings", halafu "Restart", na baada ya hapo bonyeza namba 4. Katika hali hiyo mfumo hupakia draiva za msingi tu. Ikiwa kompyuta haigandi kabisa katika hali salama lakini huganda katika hali ya kawaida, yaelekea tatizo ni draiva au programu. Ikiganda hata humo, elekeza macho kwenye diski, RAM na joto.

6. Kagua draiva. Fungua Device Manager na utafute alama ya mshangao yenye rangi ya njano. Pakua draiva kutoka tovuti ya kampuni iliyotengeneza kompyuta, kwa kutumia modeli iliyoandikwa chini ya mashine. Usitumie programu zinazojitangaza kwamba zitasasisha draiva zote kwa mbofyo mmoja.

7. Pima RAM na diski. Katika sehemu ya kutafutia andika mdsched, chagua kuwasha upya, na mfumo utaipima RAM. Kwa diski, fungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi, uandike chkdsk c: /f, ukubali ukaguzi ufanyike kompyuta itakapowashwa tena. Ikitaja makosa mara kwa mara, nunua diski mpya kabla ya kulipia mfumo mpya.

8. Soma kumbukumbu za matukio. Andika perfmon /rel katika sehemu ya kutafutia. Utaona kalenda yenye alama nyekundu kwa kila siku iliyokuwa na hitilafu. Piga picha ya ukurasa huo. Utamsaidia fundi, na ukija kulalamika utakuwa ushahidi.

9. Rudi ulikotoka, kama muda haujapita. Ikiwa Windows 10 yako ilipandishwa kuwa Windows 11 bila kufuta kilichokuwamo, zipo siku 10 za kurejea katika mfumo wa awali. Nenda katika mipangilio, sehemu ya "System", kisha "Recovery", uchague "Go back". Kama fundi aliisafisha diski yote au alifuta mafaili ya mfumo wa zamani, njia hiyo haipo. Ndiyo maana inafaa kumuuliza mapema atatumia njia ipi.

Kwa kompyuta kongwe: njia nyingine

Si kila kompyuta kongwe inastahili kutupwa, na si kila moja inahitaji Windows 11. Kubadilisha diski ya HDD kwa SSD, ambayo haina sehemu inayozunguka, mara nyingi huleta nafuu kubwa kuliko matengenezo mengine yoyote. Kuongeza RAM hufuata.

Kwa wenye Windows 10, Microsoft iliweka mpango wa nyongeza wa masasisho ya usalama kwa watumiaji wa nyumbani hadi Oktoba 2026, kwa masharti ya kujisajili. Nyongeza hiyo humpa mlaji muda wa kujipanga bila kukimbizwa.

Ipo pia mifumo ya Linux, kama Linux Mint na Ubuntu, ambayo ni halali, ya bure, na mingine ni miepesi kwa mashine za zamani. Unaweza kuijaribu kutoka kwenye flashi kabla ya kuisakinisha. Programu huria si ngeni nchini. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Hata hivyo, kabla ya kuhamia Linux hakikisha kwamba printa yako na programu unazozitegemea zinafanya kazi humo.

Kabla ya kumkabidhi fundi

Mafundi wengi ni watu waaminifu wanaofanya kazi kwa bidii katika vibanda vidogo, na ugomvi mwingi huzaliwa na makubaliano ya mdomo. Tunashauri mlaji aulize na kuandikiana na fundi mambo yafuatayo:

- Ni mfumo gani hasa utakaowekwa, na je, kompyuta hii inakidhi masharti yake?
- Leseni ni halali? Ikiwa kompyuta ilikuja na leseni ya Windows kutoka kiwandani, je, itatumika hiyohiyo?
- Mafaili yangu yatanakiliwa wapi kabla ya kazi, na nani atawajibika yakipotea?
- Bei inajumuisha draiva na majaribio, au ni kusakinisha tu?
- Ikiganda ndani ya siku saba au kumi na nne, utairudia bila malipo?

Andika namba ya utambulisho ya kompyuta, ukubwa wa RAM na diski, upige picha, kisha ndipo uikabidhi. Wakati wa kuichukua linganisha tena, ili GB 8 isirudi ikiwa GB 4. Itumie hapohapo kwa nusu saa, ukifungua kivinjari, video na hati kwa pamoja, kabla ya kulipa salio. Dai risiti ya kielektroniki, kwa sababu kuitoa ni wajibu wa muuzaji na kuidai ni wajibu wa mnunuzi.

Usiache nywila za benki zikiwa zimehifadhiwa katika kivinjari, na toka katika akaunti zako kwanza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 zinamlinda mtu ambaye taarifa zake zimechukuliwa au kutumiwa bila idhini, lakini kinga iliyo mikononi mwako ni ya haraka zaidi.

Sheria inasema nini

Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha au kumhadaa mlaji, na kutoa maelezo ya uongo kuhusu bidhaa au huduma. Muuzaji anayesema kompyuta ina RAM ya GB 8 wakati ina GB 4, au kwamba inakubali Windows 11 rasmi wakati ukaguzi uliruka kwa ujanja, anaingia katika eneo hilo. Sheria hiyo pia inaweka masharti yanayohesabiwa kuwamo katika mkataba wa mlaji hata kama hayakutamkwa, likiwamo la bidhaa kufaa kwa matumizi yaliyokusudiwa.

Kwa hiyo, maandishi ya "bidhaa ikishauzwa hairudishwi" yaliyo chini ya risiti hayatoshi peke yake kuondoa wajibu wa muuzaji pale bidhaa inapokuwa na kasoro au si ile iliyoelezwa. Lakini haki ina pande mbili. Mlaji aliyeambiwa wazi kwamba mashine yake ni kongwe, akashauriwa asibadilishe mfumo, akasisitiza, atakuwa na hoja dhaifu. Vivyo hivyo kwa aliyeomba mwenyewe awekewe nakala isiyo halali.

Namna ya kulalamika

Anza kwa muuzaji au fundi. Mweleze kwa utulivu, kwa maandishi ikiwezekana, tarehe ya kazi, kiasi ulicholipa, hitilafu inayotokea na suluhisho unalolitaka: kurudia kazi, kubadilishiwa au kurejeshewa fedha. Mpe muda unaofaa. Ujumbe wa simu unatosha kuwa kumbukumbu, usiufute.

Asipotimiza, unaweza kuanza na afisa biashara wa halmashauri yako, iwe Kibaha au Kisarawe, ambaye anawafahamu wafanyabiashara wa eneo hilo. Unaweza pia kuwasilisha lalamiko kwa Tume ya Ushindani, iliyoundwa chini ya sheria tuliyoitaja. Suala likihusu kuvuja au kutumiwa vibaya kwa taarifa zako, mahali pake ni Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Ambatisha risiti, makubaliano, picha za kompyuta na picha ya ukurasa wa hitilafu. Lalamiko lenye vielelezo husikilizwa kwa wepesi kuliko lenye maneno matupu.

Tumrudie mwalimu wetu wa Kisarawe. Akifuata utaratibu huu, jambo la kwanza atakalofanya si kurudi kwa fundi. Ataiwasha kompyuta katika hali salama, atanakili alama za madarasa manne katika flashi, na Ijumaa atazikabidhi kutoka katika kompyuta ya mwenzake. Kisha, akiwa ametulia, atapima RAM na diski, atajua kama kosa ni la mashine au la kazi iliyofanywa, na ndipo atakwenda dukani akiwa na karatasi mkononi. Huenda akagundua kwamba diski ilikuwa imechoka tangu zamani, na fundi hana kosa. Huenda akagundua kwamba aliuziwa mashine isiyo na uwezo alioahidiwa. Kwa vyovyote vile, atakuwa anadai anachostahili, na kazi yake itakuwa imesalimika.